Uvumbuzi wa Chuo ni Haki ya Nani?

Suala lililozungumzwa katika darsa yetu, na ambalo tumeombwa tuliandike ili na walio mbali nasi walipime, ni hili: chuo kikuu kikivumbua kitu kipya, kisha kikampa mfanyi biashara akitie kazini, faida yake ni haki ya nani, na hasara yake ni juu ya nani? Sehemu ya kwanza ya suala hili hujibiwa kila siku, na sheria zimeandikwa juu yake. Sehemu ya pili hatukuona wengi wenye kuijibu, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Zamani chuo kikuu kilikuwa ni mahali pa kusoma na kusomesha, na mwanachuoni aliyegundua jambo alilichapa katika kitabu, akitakaye akichukue. Leo hayo hayatoshi. Marekani ilipitisha mwaka 1980 sheria iliyovipa vyuo vyake haki ya kumiliki yale yaliyovumbuliwa kwa fedha za serikali na kuyauza, na tangu hapo nchi nyingi zimefuata nyayo zake. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2001 yasema kwamba kitu alichokivumbua mwajiriwa katika kazi yake ni mali ya aliyemwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine, na mwenye kupewa hataza, yaani hati ya kuwazuia wengine wasikitengeneze kitu chake bila ya idhini, hulindwa kwa miaka 20. Mwaka 2013 ikaja sheria nyingine ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na chini yake likaundwa shirika la taifa la kuvihimiza vyuo vitoe matunda ya utafiti wao sokoni. Basi vyuo vikafungua ofisi za kazi hiyo, na wanafunzi wakashindanishwa kwa zawadi, na wakuu wa vyuo wakawa wahesabu hataza zao kama mwenye jahazi ahesabuvyo safari zake.

Wala sisi hatulaumu. Kijana aliyesoma ufundi akakaa barazani akingoja kazi ya uandishi ni hasara kwa nafsi yake na kwa mji wake. Akiweza kutengeneza kitu watu wakakihitaji, hiyo ni kheri. Lakini neno hili la “kuhamisha teknolojia” laingia masikioni mwetu sisi watu wa pwani kama kuhamisha shehena, kwamba mzigo ulioteremshwa ni ule ule uliopakiwa. Uvumbuzi si shehena. Ufikapo mahali huwageuza watu wa mahali pale, huyu akapata na yule akakosa, na aliyekosa mara nyingi ndiye ambaye hakuulizwa.

Tumechagua kulitazama jambo hili katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, kwa kuwa huko limekwisha toka vitabuni likawa moto na mawe. Wala mambo ya huko si mageni kwetu. Mnada wa chai ulioanzishwa Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu wakati huo majani ya milima ile huteremka kwetu, yakajaa katika maghala ya Shimanzi na Changamwe, yakatoka na meli. Kuna nyumba ngapi katika mji huu ambazo baba alilisha watoto wake kwa kubeba, kupima au kuonja chai ya Kericho?

Mashamba makubwa ya huko yalianza katika miaka ya 1920, yalipokuja makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, yakapanda chai juu ya ardhi waliyoondolewa Wakipsigis na Watalai; na daawa ya ardhi ile haijesha mpaka leo. Kwa muda wa miaka mingi kazi ya kuchuma ilikuwa ni ya mikono. Mchumaji husimama katikati ya michai iliyomfika kiunoni, kapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi lake, akatupa nyuma, na jioni hupimiwa akalipwa kwa kilo. Hayo majani mawili na chipukizi ndiyo yafanyayo chai njema. Jani la tatu lililokomaa huiharibu. Kisha, katika miaka ya karibu ya 2000 na baadaye, makampuni yakaleta mashine za kuchumia. Hazikuvumbuliwa Kericho, Wajapani walizitumia zamani kabla hazijafika huko. Ziko za kushikwa na watu wawili zikapitishwa juu ya michai kama wembe juu ya kichwa, na ziko kubwa zaidi ya hizo.

Wafanyi kazi na chama chao waligomba, wakaenda mahakamani, wakagoma. Mwaka 2023 kamati iliyowekwa na serikali ya kaunti ya Kericho ilitaja kwamba kazi 30,000 zimepotea katika kaunti ile peke yake kwa muda wa miaka kumi kwa sababu ya mashine, na ikashauri kiwekwe kipimo, asilimia 60 ichumwe kwa mashine na 40 kwa mikono. Mwezi wa Mei mwaka ule ule watu waliingia mashambani wakazichoma mashine. Polisi wakaja, mtu mmoja akafa, na wengine wakajeruhiwa, askari wakiwamo. Ilisemwa wakati ule kwamba mashine moja yaweza kushika mahali pa watu mia. Na kwa kuwa mashine hupewa zaidi wanaume, waliotoka kazini wengi wao ni wanawake.

Sasa, katikati ya mambo haya, chuo kikuu kimeingia. Kabianga, iliyokuwa skuli ya serikali tangu mwaka 1925, ilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Na huko Bomet kilianzishwa mwaka 2017 chuo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kabianga imeshirikiana na kampuni ya Lipton, iliyorithi mashamba yaliyokuwa ya Brooke Bond na baadaye Unilever, kuanzisha taasisi ya uvumbuzi na teknolojia ya chai. Kampuni wakati ule ilikuwa na mashamba na mali. Chuo kina walimu na vijana. Kwa dhahiri ni jambo la kupendeza, na huenda likawa hivyo. Lakini yeyote aliyeona moshi wa Mei 2023 atauliza: uvumbuzi huo utamvumbulia nani?

Majibu mawili yako karibu, na yote mawili hatukuridhika nayo.

La kwanza husema: mashine ni maendeleo, na mwenye kulia leo atanyamaza kesho. Wenye kusema hivi kwa kawaida si wao waliotolewa kazini. Sisi tumewaona makuli wa Kilindini. Watu wale walibeba magunia kwa migongo yao. Mwaka 1947 walikuwa katika safu ya mbele ya mgomo uliousimamisha mji mzima. Na kontena zilipokuja, katika miaka ya 1970 na 1980, kazi ya mamia ikawa ni ya winchi moja na mtu aliyekaa juu yake. Bandari ilistawi, hilo hatukanushi. Lakini tukiambiwa kwamba waliotoka walipata mahali pengine, twaomba tuonyeshwe mahali hapo, maana sisi tumekaa mji huu na twawajua waliorudi nyumbani wakabaki kutazama bahari.

La pili husema: choma mashine, rudisha mikono. Na hili nalo si insafu. Kazi ya kuchuma chai haikuwa pepo. Mvua ya Kericho hunyesha takriban kila alasiri, mgongo hupinda, na vidole hupasuka. Mwezi wa Februari mwaka 2023 shirika la BBC lilitangaza maneno ya wanawake zaidi ya 70 wa mashamba yale waliosema kwamba wasimamizi wao waliwataka miili yao ili wapewe kazi. Atakayesema kwamba hali ile ihifadhiwe kama kitu cha thamani, aiombee kwanza binti yake. Hapana baba wa Kilindini aliyetaka mwanawe arithi gunia.

Basi ikiwa mashine si dhambi, na kuitetea kazi ya zamani si haki, dhulma iko wapi? Sisi twaiona iko katika kutenganishwa faida na hasara. Wanavyuoni wa sharia wana kanuni katika biashara, ambayo kila muuza duka wa Kibokoni aijua hata kama hakusoma kitabu: mwenye kuchukua faida ya kitu ndiye aichukuaye dhima yake. Huwezi kula ukodi wa nyumba, kisha dari ikianguka ukasema nyumba si yangu. Katika mambo ya uvumbuzi kanuni hii imepinduliwa. Faida imeandikiwa mwenyewe kwa hati na muhuri na miaka 20. Hasara haikuandikwa popote, ikaachwa imwangukie aliye karibu.

Kwa mfanyi biashara pana udhuru wa namna fulani. Yeye hakusema kwamba alikuja kwa ajili ya watu. Chuo kikuu hakina udhuru huo. Chuo huishi kwa kodi, na aliyelipa kodi hiyo ni mchumaji wa chai pia, kila anunuapo sukari na sabuni. Huishi kwa karo, na hapana shaka wamo Kabianga na Bomet vijana wengi ambao karo yao ilitoka katika kapu la mama, au katika fedha za mwisho wa mwaka ambazo mkulima mdogo hupata kwa chai yake. Kwa hivyo mali ya chuo yafanana zaidi na mali ya wakfu kuliko na mali ya duka. Msimamizi wa wakfu hakatazwi kuukuza. Aweza kujenga, kukodisha, hata kubadilisha. Lakini hana ruhusa ya kuyageuza manfaa yakamwendea asiyekusudiwa, na wale waliowekewa wakabaki nje ya mlango. Naye huulizwa hesabu.

Msomaji huenda akasema kwamba haya ni maneno ya barazani, na mambo ya utafiti hayendi hivyo. Twamwambia kwamba yalikwenda hivyo, tena huko huko Kericho, kabla ya mtu yeyote kulitumia jina hili la kuhamisha teknolojia. Taasisi ya utafiti wa chai ya huko ilianza mwaka 1949, ikatumikia Afrika ya Mashariki yote, mwaka 1980 ikawa ya Kenya, na tangu mwaka 2014 imo chini ya shirika la utafiti wa kilimo la taifa. Kwa miaka mingi fedha zake zilitokana na ushuru uliokatwa katika chai yenyewe, ya mkubwa na ya mdogo. Wataalamu wake walichagua michai iliyo bora, wakaizalisha kwa vipandikizi, jani moja na kipande cha kijiti, badala ya mbegu, kwa sababu mchai wa mbegu hautabiriki na wa kipandikizi hufanana na mama yake. Wametoa aina makumi. Moja, iitwayo TRFK 6/8, ilienea katika mashamba ya wakulima wadogo kwa uzuri wa chai yake. Leo wakulima hao wapita laki sita, na zaidi ya nusu ya chai ya Kenya ni yao. Fedha za mkulima zilikwenda utafitini na utafiti ukarudi shambani mwake katika mfuko wa udongo, na hapakuwa na haja ya sherehe.

Lakini taasisi ile ile yatupa na mfano wa upande wa pili, nao twautaja kwa kuwa hauna mashine ndani yake wala tajiri mkubwa wa kulaumiwa. Mwaka 2011, baada ya kazi ya miaka mingi, ilitolewa chai ya zambarau, TRFK 306. Majani yake yana ile rangi iliyomo katika zabibu nyeusi, na yasemwa kuwa na manufaa kwa mwili. Kwa sayansi ni kazi ya kusifiwa. Wakulima waliambiwa kwamba bei yake itakuwa mara kadhaa ya bei ya chai nyingine. Wako waliong’oa au waliotenga sehemu ya ardhi wakapanda. Mchai hungojewa kiasi cha miaka mitatu ndipo ukachumwa vizuri. Miaka hiyo ilipokwisha, wengi wakakuta kwamba kiwanda chao hakina njia ya kuisindika peke yake, na wanunuzi ni wachache. Majani yakachanganywa na mengine na bei ikawa ile ile. Mvumbuzi alipata sifa, taasisi ikapata jina, gazeti likapata habari. Mkulima alipata miaka mitatu ya kungoja. Hapana aliyemdanganya kwa kusudi. Lakini kilichohamishwa ni mche, na soko na kiwanda vikaachwa nyuma, na hasara ya yaliyoachwa ikamwendea asiyekuwa na akiba ya kuibeba.

Tutoke kidogo nje, tuone ya wenzetu. Katika Chuo Kikuu cha California, kule Davis, wataalamu walifanya mambo mawili kwa pamoja: mmoja alitengeneza mashine ya kuvuna nyanya, na mwingine akazalisha nyanya ngumu isiyopondeka ndani ya mashine. Yaani tunda lenyewe liligeuzwa likubaliane na chuma, na wenye kula wakalalamika kwamba halina ladha. Mashine ilienea baada ya mwaka 1960. Wakulima wa nyanya katika jimbo lile walikuwa kiasi cha 4,000. Ilipofika mwaka 1973 walibaki kiasi cha 600, maana mashine ilikuwa ghali na mwenye shamba dogo hakuiweza. Kazi zilizopotea zilikadiriwa kuwa 32,000. Mwaka 1979 watetezi wa wafanyi kazi wa mashambani walikishitaki chuo, wakasema kwamba fedha za umma zimetumiwa kuwanufaisha wachache na kuwadhuru wengi. Mwaka 1987 hakimu aliwapa haki. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu ile. Kwa sheria chuo kilishinda. Sisi hatuna la kusema juu ya sheria za Marekani, lakini twaona kwamba lile suala lenyewe halikujibiwa pale, lilifungwa tu.

Walioulizwa walijitetea kwa hoja mbili, na hoja hizo hizo tumezisikia hapa. Ya kwanza ni kwamba mwanachuoni hajui ya ghaibu. Yeye huvumbua, na yatakayofuata ni ya Mungu na ya serikali. Ni kweli kwamba hajui yote. Lakini atengenezaye mashine ya kuchuma chai ajua kwamba yuko mtu achumaye sasa, ajua na idadi yao, maana ndiyo hesabu ya kwanza aionyeshayo kampuni amwambiapo ni kiasi gani cha mishahara kitakachookolewa. Hesabu hiyo hiyo yataka kusomwa kutoka upande wa pili wa karatasi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: tusipoivumbua sisi italetwa na wengine, kama zilivyoletwa zile za Ujapani, basi afadhali faida ibaki nyumbani. Hapa twakubali nusu. Mashine ya mgeni haizuiliki kwa chuo kujifunga mikono. Lakini ikiwa udhuru wa chuo ni kwamba mwingine angefanya vile vile, basi sisi twauliza chuo cha umma kilihitajiwa kwa nini. Thamani yake ni kufanya lile ambalo mfanyi biashara hatalifanya. Viwanda vya chai huchoma kuni nyingi mno kukausha majani. Mwenye kuipunguza kuni hiyo amemwongezea mkulima mapato na amehifadhi msitu. Mkulima wa eka moja mlimani, mzee, watoto wake wamekwenda mjini, ahitaji chombo chepesi cha kuchumia kisichoharibu chipukizi. Huyo mashine haimnyang’anyi kazi, yamrudishia. Mwanamke aliyechuma miaka ishirini ajua jani kwa kidole chake kuliko kamera. Maarifa yale yaweza kufanywa kazi ya kukagua ubora, ya kufundisha, akalipwa kwayo. Hapana kampuni itakayotangulia kutoa fedha kwa mambo haya, kwa sababu faida yake imetawanyika kwa watu wengi, kidogo kidogo. Kuchagua utafiti upi ufanywe ndilo tendo lenyewe la kuhesabiwa, nalo hupita mapema, katika vikao vya fedha, kabla mtu yeyote hajaona mashine.

Kwa hivyo wale wa Kabianga watakapoandikiana na makampuni, twaona mambo ya kuandikwa si yale ya hataza tu. Iandikwe ni kazi ngapi zitakazoondoka, na katika fedha zitakazookolewa ni fungu gani litakalowaendea walioondoka, na kwa muda gani. Iandikwe ni nani atakayeijaribu mashine, na kama wachumaji wamo katika jopo au wataitwa siku ya picha. Iandikwe kwamba mkulima mdogo atapata uvumbuzi ule kwa bei aiwezayo, kwa kuwa ushuru wake umo ndani yake. Na kampuni ikiuzwa, maana mashamba yale yamebadilisha wenyewe zaidi ya mara moja katika miaka michache hii, ahadi iende pamoja na shamba.

Wala tusiwatazame watu wa bara peke yao. Chuo cha Tudor, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilipata hati yake mwaka 2013, mwaka ule ule wa Kabianga. Wazee wetu walikijua kwa jina jingine, Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1951 kwa fedha zilizotolewa na Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Kiingereza, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1966 ikabadilishwa jina na ikafunguliwa kwa wote, na hilo lilikuwa jambo jema. Nacho sasa chahimizwa kama wenzake kivumbue na kiuze. Bandari iko mlangoni mwake, na wavuvi, na mafundi wa vyombo, na madereva wa malori walioipoteza mizigo yao reli mpya ilipoanza mwaka 2017. Mzazi mwenye mtoto pale, na mzee akaaye katika baraza zake, wana haki ya kuomba waonyeshwe orodha ya tafiti za mwaka huu, na mbele ya kila moja waulize imeanzia katika haja ya nani: ya mvuvi wa Mtwapa ambaye samaki wake huoza kwa kukosa barafu, au ya yule aliyekuja na hundi.